Mtoto Achezapo Hajitazami

Katika bonde la Yaeda, kusini ya ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kijiji cha Yaeda Chini huwakutanisha na Wadatoga wafugaji na Wairaqw wakulima. Wageni wengi wamekwenda huko kuutazama upinde wa mwindaji. Sisi leo twapenda kuwatazama watoto.

Mtoto wa Kihadzabe akisha kuachishwa ziwa, hubaki kambini pamoja na wenzake, wakubwa kwa wadogo, mama zao waendapo porini. Mvulana wa miaka mitatu hivi hupewa upinde mdogo, akashinda akilenga shabaha. Wengine huokota ubuyu, wakaupasua kwa jiwe, wakautwanga na kuula papo hapo. Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na James O'Connell, wataalamu waliokaa na watu hawa tangu miaka ya 1980, waliupima mzigo wa watoto hao, wakaona kwamba hata mtoto wa miaka mitano hujitafutia sehemu ya chakula chake. Je, huko ni kucheza au ni kufanya kazi? Hatudhani kwamba mtoto wa Yaeda angelielewa swali hilo.

Wala msomaji asidhani kwamba wanacheza kwa kuwa maisha yao ni mepesi. Hesabu za mwishoni mwa karne ya 20 zilionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Kihadzabe hawakufika umri wa miaka 15. Furaha yao, basi, haikuletwa na raha.

Imetoka wapi? Twaona ya kuwa mtoto achezapo hajitazami. Macho yake yako kwenye mshale, kwenye ubuyu, kwa mwenzake. Wachunguzi wa malezi hutuambia kwamba haya huanza kuonekana mnamo mwaka wa pili au wa tatu, mtoto atambuapo kwamba naye hutazamwa. Haya si kitu kibaya. Anayeona haya kwa kusema uongo amepewa kipaji na Mungu. Lakini kuona haya kwa sababu ya kufurahi ni jambo jingine kabisa, nalo mara nyingi tumelifundisha sisi wakubwa. Mtoto aimbapo kwa sauti kubwa, twamcheka mbele ya wageni. Achorapo ng'ombe mwenye miguu sita, kaka yake humzomea, na baba hutabasamu. Hata mtoto wa Kihadzabe, apelekwapo shuleni mbali na kwao, ikiwa lugha yake yenye vidoko itachekwa, atajifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusoma.

Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, ingawa alikuwa mtu mzima mwenye taji. Mikali binti Sauli alimchungulia dirishani, akamdharau moyoni. Yeye aliijua heshima ya mfalme kuliko mfalme mwenyewe! Na akina Mikali wamejaa katika nyumba zetu, na makanisani pia, ambako wanaume wazima husimama kimya wakati wa wimbo wanaoujua tangu utoto, wakihofu jirani.

Enyi akina baba, jioni moja ya juma hili ketini chini pamoja na watoto. Mwacheni mdogo awapande mgongoni. Mkishindwa katika mchezo wao, shindweni kweli, wala msiwasahihishe.

Nasi twaandika haya tukiwa wenye deni. Siku moja ya Noeli, baada ya Misa, watoto wa parokia walipiga ngoma uani. Binti wa miaka minne hivi akatushika mkono, akituvuta tuingie. Tukatazama huku na huku. Wazee walikuwa wameketi barazani, na kanzu yetu ilikuwa nyeupe. Tukamwambia kwamba tuna kazi ofisini. Kazi haikuwapo. Akatuachia mkono bila kinyongo, akarudi ngomani mbio. Nasi tukaingia ndani, tukasimama dirishani, tukimtazama.