Je, Mwanadamu Aweza Kuleta Mvua?

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma habari za mawingu katika Kidato cha Pili, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, nimesikia redioni ya kuwa siku hizi ndege hurushwa mawinguni zikaleta mvua. Kama jambo hili ni kweli, mbona mtama wa nyumbani kwetu umekauka, na hakuna aliyekuja kutusaidia?"

Darasa zima lilinyamaza, maana si yeye peke yake ambaye shamba la wazazi wake lilikauka. Nilianza kumjibu, lakini kengele ililia kabla sijamaliza. Swali lile lastahili jawabu kamili, ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu. Natumaini wazazi nao watalisoma, maana mvua ni habari yetu sote.

Jinsi Mvua Inavyofanyika

Wahenga walisema: Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini sisi tunaoishi katika mkoa huu wa Dodoma twajua vema kwamba wingu laweza kutanda, likatutia matumaini, kisha likapita bila kuacha hata tone moja. Kwa nini?

Wingu ni mkusanyiko wa matone ya maji madogo mno yaelekeayo katika hewa. Tone la wingu ni dogo hata yapasa matone kama milioni moja yakusanyike pamoja ili tupate tone moja la mvua. Matone yakikosa njia ya kukusanyika, wingu hupita zake au hukauka.

Njia za kukusanyika ni mbili. Ya kwanza ni katika mawingu yenye joto. Humo matone makubwa kidogo huanguka upesi kuliko madogo, huyagonga na kuyameza, hata yakawa mazito. Njia ya pili ni katika mawingu yafikayo juu sana penye baridi kali. Hapa pana jambo la ajabu. Tumezoea kusema ya kuwa maji huganda yakifika nyuzi sifuri. Lakini matone madogo ya wingu yaweza kuendelea kuwa maji hata nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Ili yagande huhitaji chembe ya kuanzia, kwa mfano vumbi la namna fulani. Chembe moja ya barafu ikipatikana katikati ya matone hayo, mvuke huihamia. Matone jirani hupungua, nayo barafu hunenepa. Ikiisha kuwa nzito huanguka, na ikipita katika hewa ya joto huku chini huyeyuka ikawa mvua. Mtaalamu wa Sweden, Tor Bergeron, ndiye aliyelieleza jambo hili katika miaka ya 1930. Basi msishangae nikiwaambia kwamba matone mengi ya mvua za radi zinyeshazo hapa kwetu yalianza kuwa barafu huko juu.

Sanduku Lenye Baridi

Mwaka 1946, katika mji wa Schenectady, Marekani, alikuwako mtu aliyeitwa Vincent Schaefer. Bwana huyu hakumaliza masomo ya sekondari. Alianza kazi kama fundi wa mitambo, akajielimisha hata akawa msaidizi wa Irving Langmuir, bingwa wa kemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. (Sisemi haya ili mtoroke shule. Nayasema ili mjue ya kuwa udadisi haungoji cheti.)

Schaefer alichukua friza ya kuhifadhia vyakula, akaipamba ndani kwa mahameli nyeusi ili aone vizuri, akapumulia humo. Pumzi yake ikawa wingu dogo la matone baridi yasiyoganda. Alitia vumbi la namna nyingi, asipate barafu ya maana. Siku moja ya joto mwezi wa Julai aliona friza haina baridi ya kutosha, akaweka ndani kipande cha barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa, ambayo baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Mara ile wingu lilijaa chembe za barafu zikimetameta katika mwanga.

Tarehe 13 Novemba 1946 alipanda ndege, akamwaga barafu kavu katika wingu karibu na mlima Greylock, jimbo la Massachusetts. Langmuir, aliyekuwa chini akitazama, aliona theluji ikishuka kutoka katika wingu lile. Theluji hiyo ilikauka hewani kabla ya kufika ardhini. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameligusa wingu nalo likabadilika mbele ya macho yake.

Mwezi uo huo mwenziwe, Bernard Vonnegut, alipekua vitabu akitafuta kitu ambacho chembe zake zimepangika kama za barafu. Alipata iodidi ya fedha, yaani madini ya fedha yaliyochanganyika na iodini. Moshi wake ukiingia katika wingu lenye baridi ipatayo nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi, matone hudanganyika, tuseme, yakadhani yameona barafu, nayo huanza kuganda. Kazi hii ndiyo iitwayo kupanda mawingu, kwa kuwa chembe zile hutiwa kama mbegu. Kwa mawingu ya joto hutumiwa chembe za chumvi, kwa sababu chumvi huvuta maji, kama muonavyo chumvi ya jikoni inavyolowana wakati wa masika.

Nani Amejua?

Habari hizi zilienea upesi, na watu wengi waliamini kuwa ukame umekwisha duniani. Lakini angalieni jambo lililotokea mwaka mmoja baadaye. Tarehe 13 Oktoba 1947 wataalamu wa Marekani walimwaga barafu kavu katika kimbunga kilichokuwa baharini kikielekea mashariki, mbali na nchi. Kisha kimbunga kiligeuka, kikaupiga mji wa Savannah. Watu walikasirika, wakasema wataalamu ndio waliokigeuza. Langmuir mwenyewe aliamini hivyo. Baadaye wachunguzi walipozitazama tena habari za siku ile waliona kwamba kimbunga kilikuwa kimeanza kugeuka kabla ya kumwagiwa kitu, na kwamba kimbunga cha mwaka 1906 kilipita njia iliyofanana na ile bila kuguswa na mtu.

Hapa ndipo penye fundo la somo letu. Wazee wetu walikuwa na watu wa mvua, walioheshimiwa sana. Mtu wa mvua akifanya kazi yake wakati mawingu yamekwisha kukusanyika, na mvua ikanyesha, watu humsifu. Lakini je, isingalinyesha bila yeye? Msidhani kwamba mtaalamu mwenye ndege ameepukana na swali hilo. Naye pia hupanda mawingu yaliyokwisha kuja, na wingu moja haliwezi kunyesha mara mbili ili tulinganishe. Kusema "nilipanda, ikanyesha" si ushahidi. Jogoo huwika, kukacha. Lakini si jogoo aletaye jua.

Majaribio ya Karibu Nasi

Wengi wenu mnapafahamu Kongwa. Huko ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha shamba kubwa la karanga mwaka 1947. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua ilikuwa haba na isiyo na miadi, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Mwaka uo huo Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kuongeza mvua papo hapo Kongwa. Mkuu wa Idara alikuwa D. A. Davies, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani tangu mwaka 1955 hata 1979. Katika miaka ya 1960 huko Kericho, Kenya, palikuwa na majaribio ya kupunguza mvua ya mawe iharibuyo majani ya chai, kwanza kwa roketi na kisha kwa ndege. Kazi zote mbili zilifanywa kwa bidii, lakini hazikuleta jawabu la kukata maneno. Mvua zetu hutofautiana mno: shamba moja hulowa, na la jirani likabaki vumbi. Katika tofauti kubwa namna hiyo, ongezeko dogo hufichika kama sindano katika majani.

Shilingi ya Kurushwa Juu

Basi wataalamu walitafuta njia ya kujizuia wasijidanganye. Njia yenyewe ni rahisi hata mtoto aweza kuifahamu. Kila siku yenye mawingu yafaayo, rusha shilingi juu. Kikija kichwa, panda, usipokuja, acha. Usichague mwenyewe, maana ukichagua utapenda kupanda mawingu mazuri. Fanya hivyo kwa miaka mingi, kisha linganisha mvua ya siku ulizopanda na mvua ya siku ulizoacha.

Waisraeli walifanya majaribio ya bahati nasibu ya namna hii tangu mwaka 1961. Yale ya kwanza yalionyesha nyongeza ya kama 15 kwa mia, na dunia ikafurahi. Wengine walipozipima upya hesabu zile, mabishano yakazuka. Kisha toka mwaka 2013 hata 2020 Israeli ilifanya jaribio jipya kaskazini mwa nchi. Nyongeza iliyoonekana haikufika 2 kwa mia, nayo haikuweza kutofautishwa na bahati tu. Marekani nako, mabingwa wa Chuo cha Taifa cha Sayansi walitoa taarifa mwaka 2003 kwamba baada ya zaidi ya miaka 50 ushahidi wa kuridhisha ulikuwa bado haujapatikana.

Je, kazi yote ilikuwa bure? La. Mwezi wa Januari 2017, katika milima ya Idaho, Marekani, ndege ilipita huku na huku ikitoa moshi wa iodidi ya fedha katika mawingu ya baridi. Rada ilionyesha theluji ikitokea katika mistari ya kukunjakunja, sawasawa na njia iliyopitiwa na ndege. Maumbile hayachori mistari ya namna hiyo. Mwaka 2020 wachunguzi walitangaza vipimo vya theluji iliyoanguka kwa ajili ya kupanda huko katika majaribio matatu. Kwa hiyo sasa twajua kwa hakika kwamba jambo lenyewe lawezekana katika mawingu fulani, penye baridi na milima. Lakini mawingu ya Idaho si mawingu ya Kongwa.

Watu huweza kukosea upande wa pili vilevile. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilifurika Dubai na nchi jirani. Mahali pamoja katika Falme za Kiarabu palipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiozidi saa 24. Kwa kuwa nchi ile hupanda mawingu, wengi walisema ndege ndizo zilizoleta gharika. Lakini dhoruba hiyo ilikuwa kubwa mno, ilikwisha kutabiriwa siku kadhaa mbele, na iliipiga Oman pia. Hakuna moshi wa ndege uwezao kuleta maji kiasi hicho.

Jawabu kwa Mwanafunzi Wangu

Sasa narudi kwa yule aliyeuliza. Ndugu yangu, mwanadamu hawezi kufanya wingu pasipokuwa na wingu. Pengine aweza kulisaidia wingu litoe zaidi kidogo. Tufanye hesabu. Tuseme kupanda kwaongeza mvua kwa 10 kwa mia. Katika mwaka mwema wa milimita 500 tutapata 50 zaidi. Lakini katika mwaka wa ukame wa milimita 200 tutapata 20 tu. Kumi kwa mia ya kitu kidogo ni kitu kidogo zaidi. Msaada huu huwa mdogo hasa pale tunapouhitaji sana, na ndiyo sababu ndege isingaliuokoa mtama wa nyumbani kwenu.

Hesabu iyo hiyo yatufundisha jambo jingine. Paa la bweni lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 10 hupokea lita 300 kwa kila milimita moja ya mvua. Kwa milimita 500 hizo ni lita 150,000, na nyingi zake twaziona zikipita mtaroni. Tusibeze elimu ya mawingu. Huenda mmoja wenu ndiye atakayeiendeleza. Lakini wakati tukingoja, tuanze na maji yaliyokwisha kuteremka: mapipa, matangi, na matuta yakingamayo mteremko shambani.

Na mtu akikuambia kwamba ameleta mvua, awe na mkoba wa dawa au awe na ndege, muulize kwa adabu: "Umejuaje kwamba isingalinyesha?"

Maswali

1. Eleza kwa nini wingu zito laweza kupita bila kunyesha.
2. Iodidi ya fedha hufanya kazi gani katika wingu? Kwa nini haifai kwa wingu lenye joto?
3. Kwa nini mtaalamu hurusha shilingi badala ya kuchagua mwenyewe siku ya kupanda?
4. Pima paa la nyumba yenu. Tafuta lita zipatikanazo kwa mvua ya milimita 20, kisha waonyeshe wazazi wako hesabu hiyo.