Bata wa Ziwa Basotu: Somo la Picha za Asubuhi ya Baridi

Chuoni tukisema "kula bata" tunamaanisha starehe. Bata wa somo hili wako Ziwa Basotu, Hanang, na starehe hakuna: Juni na Julai ni baridi kweli, na mwanga mzuri ni wa alfajiri.

Kwanza, betri. Baridi huipunguzia nguvu. Ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Pili, ukungu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, picha inatoka ya kijivu. Ongeza mwanga, weka +1.

Tatu, kasi. Bata anayeruka anataka 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi. Lenga jicho.

Nne, ukirudi chumbani usifungue begi papo hapo. Lenzi ya baridi ikikutana na hewa ya joto hutoa jasho. Subiri izoee.

La mwisho ndilo kubwa. Picha nzuri hupigwa ukiwa umelala chini, usawa wa maji, lakini Basotu kuna viboko. Waulize wavuvi kwanza viboko hupita wapi. Na bata wakianza kuinua shingo, ishia hapo hapo: ukiwakurupusha, wao wamekatishwa kula, na wewe umebaki na picha ya mikia.