KUPIMA BARAFU YA NCHA ZA DUNIA

Bara la Antaktika, kusini mwa dunia, limefunikwa na barafu yenye unene wa karibu meta 2,000 kwa wastani. Hapana mtu awezaye kuipima yote kwa miguu. Hupimwa kutoka juu kwa setilaiti, yaani vyombo viizungukavyo dunia. Lakini vyombo hivyo vina gharama kubwa, wala kimoja hakitoshi kwa kila kazi. Basi kipimwe nini kwanza?

Twaa bilauri ya maji, utie donge la barafu lielee. Likiyeyuka, maji hayazidi. Sasa tia donge jingine: maji yatapanda mara. Vivyo hivyo, barafu ielekeayo kuyeyuka juu ya bahari ya kaskazini karibu haiongezi maji, kwa maana ilikuwa imekwisha kuelea. (Hata hiyo haidharauliwi, kwani weupe wake hurudisha nuru ya jua.) Barafu ya nchi kavu ni habari nyingine. Ile ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari zote zitapanda meta 7 hivi. Ile ya Antaktika, meta 58 hivi.

Mwaka 2002 zilirushwa setilaiti mbili ziitwazo GRACE, zikifuatana kwa umbali wa kilometa 220 hivi. Ya mbele ilipokaribia mahali penye uzito mwingi ilivutwa, ikamwacha mwenziwe kidogo sana, na kidogo hicho kikapimwa. Huo ulikuwa mzani wa kupimia nchi nzima! Ulionyesha kwamba Greenland ilipoteza zaidi ya tani bilioni 200 kwa mwaka, kwa wastani.

Wako wapendao chombo kipya chenye macho makali zaidi; wengine hutaka kwanza kazi ya zamani isikatike. Hawa wa pili wana haki. Theluji huwa nyingi mwaka huu na haba mwaka ujao, na mwendo wa barafu haujulikani ila kwa hesabu ya miaka mingi iliyoungana.

Setilaiti ICESat, iliyopima kimo cha barafu kwa miale ya leza, iliacha kupima mwaka 2009. Ya pili ilirushwa Septemba 2018. Katikati Wamarekani walipeleka eropleni, nazo hupita njia chache tu. CryoSat-2 ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2010, ilisaidia sana kwa rada yake.

Jozi ya GRACE nayo ilikoma mwaka 2017, na jozi iliyoifuata ikarushwa Mei 2018. Barafu ya miezi ile ya katikati haikuwekwa katika mzani huo, wala hapana awezaye kurudi nyuma kuipima.