Ujauzito wenye afya kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi

Swali: Mkazi wa Kiamaiko, mtaa wa Nairobi wenye soko la mbuzi, anayeishi na virusi vya Ukimwi, aliye na mimba ya miezi minne, anauliza kama mtoto wake anaweza kuzaliwa bila virusi.

Jibu: Anaweza. Bila matibabu, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au wanaponyonya, ilhali mama anayemeza dawa za kupunguza makali kila siku, hata virusi katika damu vikapungua visionekane kwa vipimo, huishusha hatari hiyo chini ya watoto 5 kati ya 100. Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kliniki humpa mjamzito ili kuongeza damu, huzuia dolutegraviri, dawa kuu ya matibabu hayo nchini Kenya, isifyonzwe vyema mwilini. Kwa hiyo imezwe saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baadaye, ama vyote pamoja na chakula. Katika chakula chake, nyama ya mbuzi, ambayo Kiamaiko haikosekani, iive kabisa ili kuepuka vimelea. Akijifungua, iwe katika hospitali ya uzazi ya Pumwani au kwingine penye mkunga, mtoto hupewa dawa za kinga, hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na hupimwa akiwa na wiki 6. Dawa za mama zisikatizwe bila ushauri wa daktari.