SOMO LA UFUNDI: BATIRI INAKUFA KILA MARA, KOSA NI LA NANI?

Mara nyingi tunaona jambo hili: motokari inakataa kuwaka asubuhi, watu wanaisukuma, shofere anasema, "Batiri imekufa." Wananunua batiri mpya. Nyuma ya siku mbili tatu, ile mpya nayo imekufa. Feza zimepotea, na kosa linabaki palepale. Kumbe batiri ni gala tu. Shamba ni alternatere. Shamba lisipozaa, hata ukijenga gala mpya, itabaki tupu. Basi mbele ya kununua kitu, tupime.

1. Kazi ya alternatere

Motere inazungusha alternatere kwa njia ya mkanda. Ndani iko rotori, ndiyo sumaku ya umeme inayozunguka. Inapata umeme kidogo kwa njia ya sharboni mbili zinazogusa pete zake. Kandokando iko statori, yaani nyuzi za shaba zisizozunguka. Humo umeme mwingi unazaliwa. Umeme ule unakwenda na kurudi, lakini batiri inataka wa kwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo diodi zinafunga njia ya kurudi. Mwisho iko regulateri, inayochunga volti zisipite kiasi.

2. Hatari iko wapi?

Tufanye hesabu. Taa mbili za mbele za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12: karibu ampere 9. Ongeza taa za nyuma na vitu vingine, tuseme ampere 15. Batiri ya ampere-saa 60 itadumu saa 4 kwenye karatasi. Barabarani ni chini ya hapo, juu taa zinafifia mapema. Shofere anayebeba mgonjwa usiku anaweza kubaki gizani katikati ya pori.

3. Namna ya kupima

Tunahitaji voltimetri moja tu.

a) Motere ikiwa imelala usiku kucha, batiri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,6. Chini ya 12, iko tupu.

b) Weka kontakte bila kuwasha motere. Taa nyekundu ya batiri kwenye tablo inapaswa kuwaka. Isipowaka, pengine ampuli imeungua, waya umekatika, ao sharboni zimekwisha.

c) Washa motere, ongeza mwendo kidogo, washa taa za mbele. Pima kwenye batiri: tunataka kati ya 13,8 na 14,5. Ikiwa chini ya 13, alternatere haijazi batiri. Ikiwa zaidi ya 15, regulateri imeharibika, na maji ya batiri yatachemka na kukauka.

Kwa kamioni ya volti 24, zidisha hesabu hizi mara mbili. Motokari za siku hizi ambazo kompyuta inaongoza alternatere zinaweza kupandisha na kushusha volti zenyewe. Kwa hizo tufuate kitabu cha gari.

4. Tuanze na vyepesi

Zima motere. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati: ukishuka sana kupita sentimita moja hivi, uko mlegevu, ukazwe. Ukiwa umepasuka ao unangaa kwa mafuta, ubadilishwe.

Kisha tazama vichwa vya batiri. Ule unga mweupe ao wa kijani unazuia umeme: safisha, kaza. Washa tena motere na taa, upime kati ya kichwa kikubwa cha alternatere na kichwa cha kuongeza (+) cha batiri. Ikipita nusu volti, waya ni mbaya, alternatere haina kosa.

Weka voltimetri upande wa umeme wa kwenda na kurudi, upime batiri motere ikitembea. Ikipita nusu volti, tushuku diodi. Diodi mbovu inaweza pia kunyonya batiri usiku wakati gari limelala.

Mbele ya kufungua alternatere, ondoa kwanza waya wa kutoa (–) wa batiri. Katika alternatere nyingi, sharboni zinatoka pamoja na regulateri kwa kufungua visi mbili tu. Zikibaki chini ya milimita 5, weka mpya. Bei yake ni kidogo sana kuliko ya alternatere nzima. Pete zikiwa nyeusi, zisafishwe kwa msasa laini. Ukisikia alternatere inalia kama jiwe la kusagia, rulemani zimechoka.

5. Onyo kubwa

Mafundi wengine wanaondoa waya wa batiri wakati motere inatembea, waone kama itaendelea. Desturi hii ilitoka kwenye dinamo za zamani. Kwa alternatere ni kuua: volti zinaruka juu mara moja na kuunguza diodi na regulateri. Vilevile kugeuza waya za batiri, hata kwa dakika moja, kunaunguza diodi. Na moto usikaribie batiri, kwa maana hewa inayotoka ndani yake inalipuka.

Maulizo

1. Kwa nini batiri mpya inaweza kufa nyuma ya siku mbili?
2. Voltimetri inaonyesha 12,3 motere ikitembea. Utatazama nini kwanza?
3. Inaonyesha 15,6. Kosa liko wapi?
4. Mwambie fundi kwa maneno yako mwenyewe kwa nini asiondoe waya wa batiri motere ikitembea.