Somo la Ufundi wa Nyumbani: Kiti cha Zamani Kipate Sura Mpya

Hapa Kabazana viti vinazunguka. Familia iliyopata safari ya Marekani, Kanada au Australia iliuza vitu vyake kwa haraka, na kiti kilichokaliwa na watu wa nyumba moja kikahamia kwa jirani, kisha kwa mwingine. Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, wapo waliokuwa wameshauza hata vitanda, wakabaki kukalia mikeka. Kwa hiyo kiti kikuukuu kisiende jikoni kuwa kuni kabla hatujakipima.

Wengi wetu tunaanza na rangi. Rangi ni kazi ya mwisho.

Tupindue kiti, miguu juu, tuitikise mmoja mmoja. Tukiona matundu madogo ya duara yenye unga laini, hao ni fukusi. Mchwa huingia kutoka ardhini na kuacha udongo. Mbao inabaki ganda, ukiigonga inatoa sauti tupu. Kipande kilicholiwa tukikate na kukichoma moto, tuweke kingine. Kama tuna mashaka, tulaze karatasi nyeupe chini ya kiti kwa wiki moja. Unga ukianguka, wadudu bado wamo.

Sasa viungo. Mguu ukicheza, tusikimbilie misumari, maana mikaratusi hupasuka upesi, hasa karibu na ncha ya mbao. (Ukilazimika kupiga msumari, toboa kwanza, au gonga ncha yake iwe butu kidogo.) Tuchomoe ulimi kwenye tundu lake, tukwangue gundi ya zamani yote, kwa sababu gundi mpya inataka kushika mbao, siyo gundi iliyokufa. Tupake gundi ya mbao, turudishe, kisha tukaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa mara nyingi. Hiyo ndiyo jiriwa ya maskini, na inakaza vizuri sana. Kiti kisikaliwe hadi kesho yake.

Hapa tunaomba akina mama na akina baba wasikilize. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ukizisugua kavu, vumbi linatua kwenye sahani na mikono ya watoto, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Basi rangi ya zamani isuguliwe ikiwa imeloweshwa maji, kwa msasa wa maji, nje, mbali na jiko na kisima, mdomo na pua vikiwa vimefungwa kitambaa. Watoto wakae mbali. Takataka zikusanywe kwenye mfuko, zisichomwe. Rangi iliyoshika imara afadhali tuiache, tupake mpya juu yake.

Mbao isiyo na rangi tuisugue kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, tukifuata mishipa ya mbao. Nyufa zijazwe unga wa msumeno uliochanganywa na gundi. Tufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, tungoje ikauke.

Vanishi ya mafuta, mkono wa kwanza iwe nyepesi: vijiko 10 vya vanishi kwa kijiko 1 cha tarpentaini, ili izame. Ikauke siku nzima, tupitishe msasa wa 220 polepole, tupake tena. Anayekwenda Mbarara anunue kopo dogo, maana likishafunguliwa hugandamana. Siku ya upepo tusipake, vumbi letu mnalijua.

Oili chafu ya gari wengine huipaka miguuni kufukuza mchwa. Inachafua nguo, na vanishi haishiki juu yake. Ni bora kila mguu usimame juu ya jiwe bapa, tena kiti kisigusane na ukuta wa udongo, kwa maana mchwa hupandia huko.