Bastola ya Kibali na Polisi wa Barabarani: Mwongozo kwa Madereva Walioko Marekani

Kibali cha kubeba bastola hakimtulizi askari asiyejua mkono wako unafuata nini. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Alikuwa na kibali, na kwa adabu akamweleza afisa kwamba ana silaha. Aliamriwa asiitoe, akajibu kwamba haitoi. Sekunde chache baadaye alifyatuliwa risasi saba, akafariki. Mwaka 2017 mahakama ilimwachia huru afisa huyo. Hakuna mwongozo unaoondoa hatari yote, ila kanuni hii huipunguza: mdomo utangulie, mkono usubiri ruhusa.

1. Kabla ya safari

Leseni, kadi ya gari na bima visikae droo moja na bastola. Viweke kwenye kikinga jua, mahali unapofikia bila kuinama.

Kibali cha jimbo moja si pasi ya majimbo yote: New York, New Jersey na California hazikitambui cha kwingine. Uber na Lyft huwakataza madereva wao kubeba silaha kazini, hata ya kibali. Walio wengi wenye viza za muda, kama za masomo au utalii, hawaruhusiwi kabisa na sheria ya shirikisho. Hata mkaazi wa kudumu anaweza kufukuzwa nchini kwa kosa la silaha.

2. Ukisimamishwa

Washa indiketa, egesha kando, zima injini. Usiku, washa taa ya ndani. Shusha kioo, kisha weka mikono juu ya usukani, vidole vikionekana. Usianze kutafuta karatasi, wala usifungue mkanda. Abiria nao waonyeshe mikono.

3. La kusema

Kila jimbo lina sheria yake. Michigan inakutaka useme papo hapo kwamba una silaha. Ukinyamaza, faini ni dola 500 na kibali husimamishwa miezi 6. Texas, mwenye kibali aliyebeba bastola hukionyesha pamoja na kitambulisho anapoombwa. Ohio, tangu Juni 2022, unawajibika kusema ukiulizwa.

Usianze kwa kutaja silaha, anza na kibali: “Afisa, nina kibali cha kubeba bastola, nami ninayo, kiunoni upande wa kulia. Ungependa nifanyeje?” Izoee kwa Kiingereza ukiwa nyumbani, maana hofu hukausha ulimi. Kisha tulia, ungoje jibu.

4. Akitaka ushuke au aichukue

Shuka. Mahakama ya Juu ilimpa afisa uwezo huo mwaka 1977, katika kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms. Bastola usimkabidhi kwa mkono wako, aitoe mwenyewe.

Akiomba kupekua gari, unaweza kusema hukubali. Akiendelea, usimzuie. Shika jina lake, nambari ya beji na saa, umpelekee wakili. Ubishi wa kando ya barabara haujamshindia mtu kesi.